Kompyuta Isiyo na Kinywa

Watani zetu husema kwamba Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Sikatai. Kesi ninayoileta hapa ni ya kuku kweli: ni juu ya kijidroo chembamba, kisichozidi kiganja kwa upana, ambacho zamani kilikuwa ubavuni mwa kila laptopu na siku hizi hakipo. Lakini, ndugu msomaji, usifunue ukurasa unaofuata kwanza, maana kuku huyu ametaga mayai ndani ya nyumba yangu, na huenda ametaga na ndani ya yako.

Mwaka 2023 binti yangu anayefanya kazi Dar es Salaam aliniletea laptopu mpya. Ilikuwa nyembamba kama daftari la mtoto wa shule, nyepesi hata nikadhani wamesahau kutia vitu ndani. Nikashukuru, nikambariki. Jioni ile ile nikateremsha kutoka juu ya kabati kopo la biskuti ambamo ninatunza sidii na dividii zangu, jumla yake 43. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa imekufa miaka miwili nyuma, na kwa miaka hiyo miwili kopo lile halikufunguliwa. Nikaigeuza ile mpya upande wa kulia, nikaigeuza kushoto, nikaiinamisha kama mtu anayetafuta mlango wa mzinga.

Mjukuu wangu wa kidato cha tatu alikuwa amekaa pembeni ananitazama.

"Babu, unatafuta nini?"

"Pa kutilia sidii."

"Hizi hazina, Babu. Siku hizi hawaweki."

"Hawaweki akina nani?"

Akainua mabega, akarudi kwenye simu yake.

Swali hilo ndilo nililokaa nalo tangu siku ile. Hawaweki akina nani, na kabla ya kuacha kuweka walimwuliza nani?

Nieleze kwanza ndani ya kopo mna nini, usije ukadhani nazililia filamu. Sahani 19 kati ya hizo 43 ni sauti za wazee. Kati ya mwaka 1987 na 1991 nilikuwa nikipanda na kushuka milima hii ya Upare wa Kusini, Vudee, Chome, hadi Mbaga, nikiwa na redio kaseti ya betri 6 mkobani, nikiwarekodi wazee wakieleza kwa Chasu mambo ya zamani, hasa habari za ndiva. Kwa msomaji asiye wa huku: ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa na watu wa kale. Maji ya mfereji hulijaza usiku, na asubuhi hufunguliwa yakateremka mashambani kwa zamu. Wazee wale walitaja ukoo upi ulichimba ndiva ipi, shamba lipi lina siku gani, na faini ya mtu anayefungua maji isivyo zamu yake. Mmoja wao alizaliwa kabla Mjerumani hajaondoka. Leo wote ni marehemu.

Sahani 24 zilizobaki ni za kwaya, za harusi za wanangu, za sherehe ya kuniaga nilipostaafu mwaka 2010, na dividii 2 ambamo mama watoto wangu, ambaye naye ametutangulia, anaongoza kwaya ya kina mama. Hizo 2 sitazisemea zaidi.

Mwaka 2006 nilizibeba kanda zile za kaseti hadi stesheneri moja mjini Moshi, zikahamishiwa kwenye sidii. Kijana aliyekuwa akizichoma aliniambia kwa uhakika wa daktari, "Mwalimu, sidii haifi." Nikamwamini. Tena si kumwamini tu: niliporudi shuleni niliyatangaza maneno hayo katika chumba cha walimu kana kwamba nimeyavumbua mimi, na najua walimu wawili waliotupa kanda zao kwa sababu yangu. Zangu ziliishia shambani. Tulizichomoa utepe tukaufunga kwenye miti, unang'aa na kuvuma kwa upepo, ndege wasile mtama. Basi sauti za wazee zikafukuza ndege msimu mzima.

Sasa nirudi kwa hao "hawaweki".

Sidii ilitoka kiwandani kwa mara ya kwanza mwaka 1982, kazi ya Philips wa Uholanzi na Sony wa Japani. Ni sahani ya sentimeta 12, inayosomwa kwa mwanga bila kuguswa na sindano. Dividii ikafuata katikati ya miaka ya 1990, ukubwa ule ule, lakini yenye kubeba zaidi ya mara sita. Ikapita miaka kadhaa hakuna kompyuta isiyo na mahali pa kuzitilia. Kisha Januari 2008, mjini San Francisco, Steve Jobs wa Apple alisimama mbele ya watu akachomoa laptopu kutoka ndani ya bahasha ya karatasi, watu wakapiga makofi. Ili iingie ndani ya bahasha ilibidi king'olewe kinywa. Mwenye kukitaka aliuziwa pembeni, kifaa cha kuchomeka kwa waya, kwa dola 99.

Isome tena sentensi hiyo ya mwisho, msomaji. Kilichokuwa ndani ya mashine na ndani ya bei yake kilitolewa nje, kikawekewa bei yake mwenyewe, na aliyetendewa hivyo akapiga makofi. Mimi nimewahi kuendesha shule yenye duka la ushirika, na ninajua jina la biashara ya namna hiyo. Ukimwuzia mtu jembe leo, na kesho ukamwuzia mpini, hujamletea maendeleo ya kilimo.

Makampuni mengine yakafuata moja baada ya jingine, hata leo laptopu mpya yenye kinywa ni nadra kama mvua ya Agosti mjini Same.

Sisemi hawakuwa na sababu. Kijidroo kile kilikuwa na unene wa milimita 9.5 mpaka 12.7, na kina mota, na chochote kinachozunguka huchoka kabla ya kisichozunguka. Vumbi letu hulipenda sana tundu la namna ile. Na huko waliko wao, filamu, muziki na programu vinakuja kwa intaneti inayotiririka kama maji ya bomba. Sidii kwao ilikuwa imebaki mzigo. Hayo yote nayakubali. Ninachokataa ni kwamba wakati wao ufanywe kuwa wakati wangu, nami nisiambiwe.

Maana hebu tazama sisi tulikuwa wapi. Katika miaka ile ya 2000 ndipo sahani zilipokuwa zinaingia vijijini kwetu. Deki ya dividii ilikuwa fahari ya sebule. Filamu za marehemu Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 2012, watu walizinunua kwa sahani, stendi na sokoni. Mwaka 2013 Serikali yetu ilianza kubandika stempu za kodi kwenye sahani za muziki na filamu. Yaani wenzetu walipokuwa wamekwisha kuichimbia sidii kaburi, sisi ndiyo kwanza tulikuwa tunaipa cheti cha kuzaliwa. Makanisa yalitoa kwaya kwa sidii. Wapiga picha wa harusi walikabidhi kazi kwa dividii. Ofisi moja ya umma, ambayo sitaitaja, ilinipa mwaka 2012 nakala ya ramani ya kiwanja changu ndani ya sidii, ikiwa na mhuri juu ya bahasha. Nilipoirudisha kwao mwaka juzi wanichapishie, karani aliitazama sahani ile kama mtu aliyeletewa noti ya Mjerumani. Ofisi nzima haikuwa na kompyuta ya kuisoma.

Vijana watasema mzee huyu anachukia mashine. La hasha. Mimi ni wa kizazi kilichonyimwa mashine. Mwaka 1974, nikiwa kijana nimetoka Chuo cha Ualimu Marangu juzi tu, Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini ila kwa kibali maalumu. Unaweza kuilaumu amri ile utakavyo, na mimi siku hizi ninailaumu. Lakini ilikuwa amri iliyoandikwa na yenye mwenyewe. Watu waliweza kuijadili, na hatimaye ikaondolewa. Amri hii ya kung'oa vinywa imeandikwa wapi? Nikitaka kuipinga niteremke Same kama wazee wetu walivyoteremka kwa maelfu mwaka 1945 kuipinga kodi ya mbiru, nitasimama mbele ya mlango wa nani?

"Babu, weka mtandaoni," ndiyo dawa ninayopewa na kila mtu aliye chini ya miaka 40. Haya, tufanye hesabu, maana hesabu nilifundisha. Sidii moja hubeba megabaiti 700, dividii gigabaiti 4.7. Mimi nina sidii 32 na dividii 11. Zikiwa zimejaa zote, ni gigabaiti 74 na ushei. Ghala la bure la Google ni gigabaiti 15. Zilizobaki nilipie kodi ya pango kila mwezi, mpaka nife, na baada ya hapo wanangu walipe au vitu vifutwe. Kuzipandisha huko nako kunakula bando. Kwa shilingi 2,000 tu kwa gigabaiti, nami hulipa zaidi ya hapo, ni shilingi 148,000, na huku mlimani mtandao hukatika mawingu yakishuka. Na hata ningekuwa nazo fedha hizo, bado hujanijibu: nitazipandishaje mtandaoni kama mashine haina pa kuzisomea? Mtu amekuziba mdomo, kisha anakuuliza kwa nini huimbi.

Nina kitabu cha Profesa Isaria Kimambo juu ya historia ya siasa ya Wapare, kilichochapwa mwaka 1969. Jalada limelegea, panya wameonja pembe moja. Jana usiku nilikisoma kwa taa ya kandili, umeme ukiwa umekatika. Hakikuniomba waya wala nywila.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwezi Novemba mwaka ule ule wa 2023, kabla ya mvua za vuli kukolea, palitokea ugomvi juu ya zamu ya maji kwenye ndiva moja ya huku kwetu. Familia mbili zilidai siku moja ya juma. Kamati ikaitisha kikao. Kila upande ulisema babu yake alisema. Mimi nikasimama, na nakiri nilisimama kwa majivuno, nikawaambia ninayo sauti ya mzee aliyeijua ndiva ile kuliko sisi sote, akitaja siku na majina. Kikao kikatulia. Mwenyekiti akasema, "Mwalimu, tunakupa wiki moja. Tuletee."

Asubuhi ya pili nikapanda basi kwenda Moshi, zaidi ya kilomita 100, nikanunua kile kifaa cha nje kwa shilingi 70,000. Nikarudi. Plagi yake ilikuwa pana, tundu la laptopu mpya dogo kama la sindano. Nikashuka tena Same kutafuta kiunganishi, shilingi 10,000. Nikarudi. Kifaa kikawaka, kikakoroma, kikazima, kwa kuwa kiunganishi kile hakikupitisha umeme wa kutosha. Fundi wa simu akanibadilishia kingine. Tukajaribu kwanza dividii ya kwaya, kwa majaribio, laptopu ikasema haina programu ya kuichezesha. Hapo nilijifunza kwamba hata Microsoft, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, waliacha kuitia programu ya kuchezeshea dividii. Kinywa kilipong'olewa, ulimi nao ukafuata. Mjukuu akapakua VLC, programu ya bure iliyoanzia kwa wanafunzi wa chuo kimoja cha Ufaransa, na hao nawaombea heri. Siku ya tano tukatia sidii ya mzee.

Ilisoma. Nikaisikia sauti yake, na kikohozi chake, na jogoo wa siku ile. Alisimulia jinsi ndiva ilivyochimbwa. Dakika ya 11 ikaanza kugonga, ta-ta-ta, ikasimama. Tuliifuta kwa kitambaa laini, tukaitia tena, mara 20 labda. Dakika ya 11, ta-ta-ta. Siku na majina vilikuwa mbele ya hapo.

Nilirudi kikaoni mikono mitupu. Kamati ikaamua kwa kura. Upande ulioshindwa bado hunisalimia, ila kwa mbali.

Utasema basi kosa ni la sidii, si la laptopu. Ni kweli nusu, na nusu hiyo nimejifunza kwa gharama, kwa hiyo nitaieleza. Sahani inayochapwa kiwandani na sahani inayochomwa stesheneri si ndugu. Ya kiwandani ina vishimo vya kugandamizwa. Ile ya kuchomwa ina utando wa rangi unaounguzwa na mwanga, na rangi hiyo hufifia kwa joto, jua na unyevu, hasa kwa sahani za bei rahisi. Tena upande unaodhurika upesi si ule wa chini unaong'aa tunaouchunga sote. Kwenye sidii ni wa juu, wenye maandishi, maana rangi na fedha yake vimelala hapo chini ya varnishi nyembamba tu. Mimi nilikuwa nimeandika majina ya wazee wote kwa kalamu ya wino yenye ncha, nikikandamiza kama ninasahihisha mitihani. Kati ya sahani 19, zilizosoma mpaka mwisho ni 12. Saba nimeziua mimi na kijana wa Moshi.

Lakini nusu nyingine ni yao. Ninachowadai si sidii iishi milele. Ninadai kwamba anayebomoa daraja atangaze siku ya kubomoa, wenye mizigo ng'ambo wapate kuvuka. Kama laptopu hii ingekuwa na kinywa siku ile ilipofika, kopo lingefunguliwa jioni ile ile, sahani iliyokuwa inakufa ningeijua miezi mapema, na huenda dakika ya 12 ilikuwa bado inasomeka. Hakuna aliyetutangazia. Kwenye boksi wameandika uzito wa mashine na unene wake kwa fahari. Hawakuandika neno moja kwamba haisomi kitu chochote ulicho nacho kabatini. Muuza duka naye hasemi. Anakuuliza unataka rangi gani.

Kwa hiyo wauza laptopu wa Same, Moshi na Arusha, nawaambia bila kupepesa: mtu mwenye mvi akiingia dukani kwenu, mwulizeni kama ana sahani nyumbani, kabla hajatoa fedha. Ofisi zilizotoa ramani, vyeti na kumbukumbu za watu ndani ya sidii ziwe na walau mashine moja ya kuzisomea. Si hisani, ni deni. Na walimu wenzangu mliobaki kazini, ile kompyuta nzee yenye kinywa iliyolala stoo chini ya madawati mabovu msiiuze kwa chuma chakavu. Ipanguseni vumbi. Huenda ndiyo pekee katika kata nzima.

Nawe mwenye sahani kabatini, zihamishe sasa. Tia nakala kwenye flashi, na nyingine kwenye diski ya kuchomeka, nyumba mbili tofauti, maana flashi nayo ni kijana wa stesheneri mwingine; atakuambia haifi.

Mimi nimefanya lililo katika uwezo wangu. Nilinunua Moshi laptopu ya mtumba kutoka Ulaya, nene, nzito, betri yake haifiki saa moja, lakini ina kinywa. Ilinigharimu chini ya robo ya bei ya ile mpya. Imekaa sebuleni, na majirani huja na sahani zao zimefungwa kwa kanga na magazeti. Mjukuu anazinakili akirudi likizo. Muhula ukifunguliwa ninazinakili mwenyewe, polepole, miwani puani. Yule wa familia iliyoshindwa kwenye kura alikuja wiki iliyopita na dividii 2 za harusi ya mwanawe. Hakuingia ndani, alinikabidhi mlangoni, akasema atapita Ijumaa.

Zipo mezani pamoja na nyingine 7. Umeme umerudi.